Chupa za Deodata na Mtamba wa Ngeleja

Nyarubungo, Biharamulo
3 Septemba 2023

Shangazi Ildefonsa,

Shikamoo. Barua hii itakufikia mkononi mwa Domisiana, yule mama wa maharage anayefuata mnada wa Nyakahura, na najua utaigeuza kwanza uone nyuma kumeandikwa nini. Nyuma hakuna kitu. Fungua tu.

Sisi hatujambo. Mashine yangu ya kusaga haijapumzika tangu watu wavune mahindi. Huko Bukiriro mnaendeleaje? Mbuzi wa jirani bado wanakula kahawa yako? Ningepiga simu, ila Domisiana anasema siku hizi husikii hata kengele ya kanisa, ndiyo maana nimenunua kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 19 Agosti Joyness alijifungua mtoto wa kike. Tumemwita Deodata. Ni mzima, na analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Siku ya nane baba mkwe wangu, mzee Ngeleja wa Nyakahura, alikuja akiswaga mtamba mwenye baka jeupe usoni. Alimfunga mbele ya mlango wangu, akasema huyu ni wa mjukuu, atazaa na watoto wake watazaa, na siku binti atakapoolewa atakuwa na zizi lake mwenyewe. Kisha akauliza mbele ya wazee, je, ukoo wa baba unatoa nini kitakachokua pamoja na mtoto? Wazee wakacheka. Amenipa muda. Kabla Deodata hajatimiza miaka miwili niwe nimeweka cha kwetu, la sivyo mtoto atahesabiwa wa zizi la Nyakahura na jina la baba yangu Alfonce halitatajwa juu yake.

Kushindana na Msukuma kwa ng'ombe ni kujitafutia aibu. Lakini nimekumbuka miaka yako ya upishi misheni, na ulivyokuwa ukiniambia kwamba upo mvinyo unaozidi kuwa mzuri kadiri unavyozeeka. Nataka kumwekea Deodata mvinyo wa mwaka wake, aje aufungue akitimiza ishirini na mmoja. Nichague upi? Naomba unijibu upesi.

Mwanao,
Ansbert


Bukiriro, Ngara
15 Oktoba 2023

Ansbert,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Domisiana wiki tatu chini ya magunia, na imefika ikinuka dawa ya wadudu. Kahawa yangu ni nzima. Mbuzi wa jirani walikufa, jirani mwenyewe yupo. Magoti yananisumbua, na hayo mengine ni uzee, ambao hauna habari mpya.

Mmempa mtoto jina la mama yangu. Wengine huuliza kwanza, lakini ni jina zuri.

Sasa mvinyo. Umesema nijibu upesi, nami nakwambia katika kazi hii upesi haumo. Mvinyo mwingi, tisa kwa kumi, umetengenezwa unywewe mapema, ukiuweka, unakufa. Padre Renatus, mtunza stoo wa misheni, ambaye kwao walilima mizabibu tangu enzi za babu wa babu yake, alinifundisha nilipokuwa msichana wa jikoni. Ili mvinyo uishi unahitaji uchachu, ule wa kumkunja mtu jicho. Unahitaji ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaoshika ulimi. Au uwe na sukari nyingi yenye nguvu nyuma yake. Mvinyo ulio laini leo, unaoteleza kooni kama uji, ndio wa kufa mapema. Unaomgombeza mtu leo ndio utakaosema naye vizuri baada ya miaka ishirini. Padre alisema na watu ni hivyo hivyo, ila nadhani siku hiyo alitaka chakula kiive haraka.

La pili, mvinyo wa mwaka wa mtoto haujawa mvinyo bado. Dodoma huvuna mara mbili, Machi hivi na Agosti hivi. Zabibu zilizokatwa wiki aliyozaliwa Deodata ndiyo kwanza zinachacha. Zitaingia kwenye pipa, zikae, ndipo zitiwe chupani, labda mwaka 2025. Kwa hiyo usinunue chochote sasa. Subiri.

Msalimie Joyness. Sijawahi kumwona, kwa hiyo msalimie kwa jumla.

Ildefonsa


Nyarubungo
14 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulichinja jogoo wawili. Deodata ameanza kuvuta ndevu za babu yake Ngeleja, na babu anapenda kupita kiasi. Mtamba naye ananawiri. Joyness amepokea salamu zako za jumla, anakurudishia za jumla, na alicheka.

Barua yako imenifundisha mengi, ila ilinikuta nimeshatangulia. Nilipokwenda Biharamulo mjini kutafuta mkanda wa mashine niliona dukani mvinyo mwekundu mtamu, nikachukua chupa nne. Zimeandikwa 2021, lakini nadhani miaka miwili si kitu. Moja tuliionja. Ni laini sana, haikwaruzi popote.

Kuhusu kuzihifadhi usiwe na wasiwasi. Zile tatu nimezitunza kama babu alivyotunza vyake. Nimezizika kwenye shimo la kuivishia ndizi nyuma ya nyumba, zimeviringishwa majani makavu ya mgomba. Na kwa kuwa tulikuwa na ndizi za kutengeneza rubisi ya sikukuu, nilizipanga humo humo juu ya chupa, nikawasha moto wa kawaida, nikafukia, ili kazi iwe moja. Pombe ya ndizi ilitoka tamu ajabu. Natumaini na chupa zimefaidika.

Mwanao,
Ansbert


Bukiriro
28 Januari 2024

Ansbert,

Marahaba. Salamu zaidi baadaye. Chimbua.

Shimo la ndizi ni jiko. Tunaliwasha moto ili ndizi ziive kwa siku chache badala ya kungoja zitakapopenda zenyewe. Babu yako alizika vitu humo kwa sababu alitaka viharakishwe. Wewe una kitu unachotaka kicheleweshwe miaka ishirini na mmoja, unakipeleka kwenye shimo la kuharakishia. Mvinyo unataka ubaridi usiobadilika, giza na utulivu, na chupa ilale ili kizibo kisikauke. Wewe umeupa moto na moshi. Nilisoma barua yako mara mbili nikidhani macho nayo yameyafuata masikio.

Tena nilikwambia ulio laini hufa, nawe unaniandikia kwa furaha kwamba ni laini.

Kutojua si kosa. Kosa ni kutenda kwanza halafu kumwarifu shangazi baadaye, na hilo kwako halikuanza na mvinyo.

Msalimie mtoto.

Ildefonsa


Nyarubungo
18 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku ni wazima.

Nimechimbua. Vizibo viwili vilikuwa vimesukumwa nje, mvinyo wote umenywewa na udongo, na sisimizi walikuwa wengi mno. Chupa ya tatu nilifungua, ikatoa harufu ya siki iliyochemshwa. Mzee Ngeleja alikuwepo, alikuja kumwangalia mtamba. Alinusa, akasema inafaa kuogeshea ng'ombe wenye kupe. Hadithi imezunguka mnada wote wa Nyakahura, na sasa wananiita Bwana Shimo.

Umeandika kwamba halikuanza na mvinyo. Najua unasema habari gani. Ukitaka kuitaja, itaje, mimi siitaji. Deodata nitamtafutia kitu kingine, labda nitapanda miti. Asante kwa mafundisho.

Ansbert


Bukiriro
9 Machi 2025

Mwanangu Ansbert,

Marahaba. Shikamoo yako ya mwaka mzima sijaipata, lakini natanguliza jibu, itanikuta njiani.

Kahawa mwaka jana ilikubali, nimeezeka jiko upya kwa bati. Domisiana ananiambia Deodata anatembea, tena kazi yake kubwa ni kugombana na kuku. Anasema pia mtamba ameshika mimba, na kwamba ulipanda miche mia mbili ya misonobari, mchwa wakakuachia saba. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Nimefanya jambo bila kukuuliza, kwa hiyo sasa tumelingana. Nilimwandikia sista mmoja niliyefahamiana naye misheni, ambaye sasa yuko Dodoma. Amekwenda mwenyewe kwenye kiwanda kimoja kidogo cha mvinyo. Zabibu nyekundu walizokata Agosti 2023, wiki ile ile mtoto alipozaliwa, zilikaa kwenye pipa zaidi ya mwaka na zimetiwa chupani mwezi uliopita. Sista si mnywaji, alionja kwa ajili yangu, na ameniandikia kwamba ulimi wake ulikunjamana hadi saa ya masifu ya jioni. Huo ndio wenyewe.

Tuma mtu. Asichukue chupa moja. Mtu anayeweka chupa moja miaka ishirini anaweka wasiwasi. Achukue sita za mavuno hayo. Moja mfungue sasa, mjue mmeanzia wapi. Nyingine mtoto akifika miaka kumi, na nyingine kumi na mitano, mjue kama mvinyo bado unaishi. Mbili ni za siku yake. Iliyobaki ni ya bahati mbaya, maana daima kuna chupa moja inayokufa bila kumwambia mtu sababu.

Ukizipata usizizike popote. Niandikie.

Shangazi yako,
Ildefonsa


Nyarubungo
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Na kwa mwaka jana wote, shikamoo.

Deodata sasa anasema maneno sita, na moja ni "hapana". Joyness hajambo. Mashine ilivunjika rola, imetengenezwa. Mvua za masika zilitosha na mahindi yamebeba vizuri.

Chupa zimefika. Frednand niliyesoma naye anaendesha lori hadi Dodoma, na alizilaza kwenye maranda ya mbao nyuma ya kiti chake. Anasema hajawahi kuendesha polepole namna ile, hata alipobeba mayai. Tulifungua moja kama ulivyoagiza. Mimi nilikunja uso mzima. Joyness alisema ni kama kulamba mlango. Tulicheka mpaka mtoto akaamka, na kwa mara ya kwanza nikaamini ninachokifanya.

Lakini mzee Ngeleja alikuja na wazee wenzake, na safari hii hakucheka, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alizitazama zile tano zilizobaki, akaniuliza taratibu: "Ng'ombe wangu naliona tumbo lake. Wewe unaniambia nisubiri miaka ishirini na mmoja ndipo nijue kama uliweka siki. Nani shahidi wako?" Anataka jibu Jumamosi ya tarehe 16 Agosti, koo zote mbili zitakapokutana kwake Nyakahura, siku tatu kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili. Nikikosa shahidi, chupa zinywewe siku hiyo kama soda na mtoto ahesabiwe kwao. Sina shahidi. Je, wewe umewahi kuonja mvinyo uliokaa miaka ishirini?

Na sasa lile jambo. Kwetu mwanamume haoi bila kwenda kwa shangazi yake kwa miguu yake, akae karibu na moto wake, amwombe. Shangazi huonja mtungi wa kwanza wa pombe ya harusi, na ukishaonjwa ndipo unakwenda kwa wakwe. Mimi Septemba 2021 nilituma ujumbe kwenye simu ya jirani yako siku ya Jumatano, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nilisema kazi zilinibana. Haikuwa kazi. Ulikuwa umeanza kutosikia, ukizungumza unapiga kelele, nami nilikuwa ninaingia kwa watu wenye ng'ombe mia. Nilikuonea aibu, Shangazi. Wewe uliyenilea tangu baba na mama walipokufa, uliyenivalisha viatu vya Kipaimara, nilikuonea aibu. Mtungi wangu haukuonjwa na mtu. Nisamehe.

Ansbert


Bukiriro
15 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili.

Nilijua. Jirani aliposhika simu kunionyesha ujumbe wako, niliutazama uso wake, ukaniambia yote ambayo ujumbe haukusema. Nilikasirika miaka minne. Hasira ya mtu asiyesikia ni mbaya, kwa sababu hakuna sauti nyingine inayoingia kuipunguza. Sasa umeitaja aibu yako mwenyewe kwa jina lake, na hasira imenitoka. Nimelia kidogo, halafu nikachuma kahawa.

Swali lako nalijibu kwa ukweli: sijawahi. Nilipika misheni miaka thelathini na mmoja, nikaona maaskofu wakifungua chupa za namna hiyo. Mpishi hupata harufu tu.

Lakini chupa ipo. Wewe ulizaliwa 1994, mwaka ambao kambi ya wakimbizi ya Benaco ilijaa watu hadi miti ikaisha kwa kuni. Baba yako alikuwa akipeleka maji kule na mimi nilikuwa nikipika uji kwa mapipa, na mtoto uliyezaliwa kwetu mwaka huo hakuna aliyepata nafasi ya kukuletea zawadi. Nilimwomba Padre Renatus aniletee mvinyo wa zabibu za mwaka wako, wa kukaa. Aliniambia nisubiri, na hapo ndipo nilipojifunza habari za pipa. Aliuleta 1997 alipotoka likizo. Ni wa Ureno, mwekundu, mtamu, uliotiwa pombe kali ukiwa unachacha, na alisema hakuna unaoishi kuliko huo.

Ulikuwa wa harusi yako. Ulilala kwenye stoo ya mawe ya misheni, na nilipostaafu nikaujengea shimo la matofali sakafuni chumbani kwangu, palipo na baridi mwaka mzima. Harusi ilipopita niliuacha pale pale kwa makusudi, nikasema kama yeye hakuniambia lake na mimi simwambii langu. Baadaye nikaogopa. Nimeutunza miaka ishirini na minane. Kama nimetunza siki, nilikuwa sitaki kujua.

Sasa nataka kujua. Njoo uichukue, uje kwa miguu yako, uniulize nikiwa nimekaa. Nyakahura magoti yangu hayafiki.

Ildefonsa


Nyakahura
17 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Aliyekukabidhi barua hii ni Joyness, na anayevuta kitambaa chako cha kichwa ni Deodata. Wakaribishe kwanza, usome baadaye. Ongea nao kwa sauti yoyote unayotaka.

Tangu siku zile mbili za Julai nilizokaa kwako karibu na moto, nilifuata kila neno. Chupa niliipakata njia nzima kutoka Ngara, na abiria wenzangu walidhani ni dawa. Nyakahura niliisimamisha siku mbili bila kuguswa ili mashapo yatulie chini. Jana saa nane mchana, watu wakiwa wamejaa uani kwa mzee Ngeleja, niliifungua. Kizibo kilikatika katikati. Mmoja nyuma akasema Bwana Shimo amerudi. Nikakitoa kipande kwa kipande, nikachuja kwa kitambaa cheupe cha pamba.

Wa kwanza niliutia kwenye kichupa hiki unachokiona, nikakijaza hadi mdomoni hewa isiingie, nikakifunga. Sikuuonja, Shangazi. Nilikuwa sijui kama ninakufungia mvinyo au siki. Lakini mtungi wa kwanza ni wa shangazi, na safari hii nilitaka wote waone umetengwa. Kisha nikammiminia mzee Ngeleja.

Rangi ilikuwa ya tofali, siyo nyekundu tena. Alinusa muda mrefu. Akanywa kidogo, akanywa tena. Watu wote walikuwa wakimtazama mdomo. Akauliza: "Hiki ni cha mwaka gani?" Nikamwambia tisini na nne. Akahesabu kwa vidole, akamtazama yule mtamba wake aliyeletwa uani na tumbo lake kubwa, akaweka glasi mezani. "Ng'ombe wangu hafiki huko," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee walipewa kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa haukutosha, na mimi nilipata changu mwisho kabisa. Ninakwambia ulikuwa na harufu ya zabibu kavu na asali ya msituni, na utamu wake ulikaa ulimini hata nilipokwisha kumeza. Ni mwaka wangu, Shangazi. Nimekunywa mwaka niliozaliwa nikiwa na mtoto wangu mapajani, na nilitamani baba angekuwepo. Mzee Ngeleja akaagiza zile chupa tano ziletwe, akaweka mkono wake juu ya sanduku, akatangaza kwa sauti kwamba Deodata ni mtoto wa kina Alfonce wa Bukiriro, na kwamba zawadi ya baba yake imepokelewa.

Nilidhani yameisha. Kumbe bado. Akauliza, mwanamke aliyekaa na kitu hiki miaka ishirini na minane bila kukigusa, kwa nini hakuonekana kwenye harusi ya binti yangu? Ningeweza kusema magoti. Nikasimama, nikasema: "Kwa sababu nilimwonea aibu, na aibu ilikuwa yangu." Nikaeleza yote, hata la mtungi usioonjwa. Nikajua nimeharibu kila kitu. Kisha mzee Ngeleja akamgeukia Joyness, akamwambia: "Basi wewe hujaolewa bado. Kesho nenda kwake, ukaonjewe."

Ndio hao wamekuja. Chupa tano ziko kwenye kikapu, na tunaomba zilale kwako, kwenye baridi.

Mwanao,
Ansbert


Bukiriro
24 Agosti 2025

Mwanangu Ansbert,

Marahaba. Mkeo ni mzima na mtoto ni mzima. Kuku wangu si wazima sana, wameshahamia kwa jirani. Barua hii inatangulia na Domisiana kwa sababu Joyness harudi wiki hii, na usimtume mtu kumfuata. Ana kazi.

Alipofika alipiga magoti mlangoni, akanisalimia kwa midomo mikubwa ili niweze kuisoma. Hakupiga kelele wala hakuniongelesha kama mgonjwa. Nikajua wewe ulichagua vizuri hata bila kuniuliza, jambo ambalo sitalirudia kuandika. Tulikaa siku nzima kama watu waliojuana zamani. Nimemfundisha kulaza chupa, na kuzitazama kwenye mwanga wa dirisha bila kuzitikisa. Nimemwonyesha shimo, na za Deodata tayari zimelala humo kwenye mchanga wenye unyevu. Nina miaka sabini na minne. Mtoto akifika ishirini na mmoja piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana nimemfundisha mkeo, nawe hutapewa nafasi ya kuwasha moto.

Kichupa chako nilikiweka mezani hadi jioni ile, nikishindwa kukifungua. Niliogopa nitakuta siki. Joyness alikaa mbele yangu na mtoto mgongoni, akangoja, wala hakunihimiza. Kisha nikakumbuka ulivyosimama mbele ya watu wote wa Nyakahura ukasema ulichosema, nikaona haya kuogopa kichupa. Nikamimina chote kwenye glasi moja. Nilinywa nusu, nikampa mkeo nusu iliyobaki, kama shangazi anavyotakiwa kumpa bibi harusi.

Uko hai, Ansbert. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio, akidhani nimeanguka.

Nimeonja. Sasa umeoa.

Shangazi yako,
Ildefonsa